Kabla ya kukopa pesa za mashine ya makaa

Barua iliyonifikia majuzi kutoka jijini Nakuru imenifanya niweke kando habari niliyokuwa nimepanga kuwaletea leo. Imeandikwa na kina mama 12 walio na chama chao cha kuweka akiba. Wanasema wametembelewa na bwana mmoja mwenye ulimi wa asali, anayewahimiza wachukue mkopo wanunue mashine ya kutengeneza briketi, yaani yale makaa yanayofinyangwa kutokana na vumbi. Bwana huyo ameapa kwamba deni litajilipa lenyewe kabla ya mwaka kwisha. Wanachama wamegawanyika, nusu wanataka na nusu wanaogopa. Wananiuliza: Tukope au tusikope?

Jibu langu ni kwamba msikope. Si kwa sasa.

Sina ugomvi na briketi. Kila mwenye jiko anajua taabu ya moto siku hizi. Mnamo 2018, kaunti ya Kitui ilipopiga marufuku biashara ya makaa, na serikali nayo ikasimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, bei ya gunia iliruka na walioumia zaidi ni wale wanaonunua kwa mkebe. Mwaka huo huo mafuta taa yakaongezewa ada ya shilingi 18 kwa kila lita. Gesi ni nzuri, lakini jaribu kuitumia kuchemsha maharagwe makavu kila wiki uone mtungi utakufikisha wapi.

Na huku tukilia, tunakanyaga makaa. Wataalamu hukadiria kwamba kati ya asilimia 10 na 15 ya makaa huvunjikavunjika njiani na sokoni yakawa vumbi. Chungulia nyuma ya kibanda cha muuza makaa yeyote. Lile lundo jeusi ni miti iliyokwisha kukatwa, ikachomwa, ikalipiwa lori, kisha ikatupwa.

Miaka kadhaa iliyopita, mtafiti Mary Njenga na wenzake walipima gharama ya kupika githeri jijini Nairobi. Walitumia nusu kilo ya mahindi mabichi na nusu kilo ya maharagwe makavu, chakula cha watu 5. Kwa mafuta taa githeri hiyo iligharimu shilingi 45, kwa makaa ya kawaida shilingi 26, na kwa briketi shilingi 3. Bei hizo ni za wakati ule, lakini itazameni tofauti iliyopo. Tena briketi zenyewe zilikuwa vumbi la makaa sehemu 8 na udongo sehemu 2. Hakuna kiungo hata kimoja kilichotoka ng'ambo.

Sasa, muuza mashine huwafumba watu macho kwa kuwafanya waamini kwamba chuma chake ndicho kinachogeuza vumbi kuwa makaa. Ziko mashine za kiwandani ambazo hushindilia maranda makavu kwa nguvu nyingi na joto kali mpaka lignini ya mti wenyewe ikawa gundi. Hizo zinakula stima kama ng'ombe anavyokula majani, na sizo anazouza bwana huyu. Mashine ndogo ya nyumbani ina kazi mbili tu: kukamua maji na kusongamanisha. Kinachoshikanisha vumbi ni mchanganyiko wenu. Mchanganyiko ukiwa mbaya, hata mkishindilia kwa tingatinga, briketi itabomoka jikoni.

Basi tuanze na mchanganyiko. Vumbi lichekechwe kwanza, litoke mawe, misumari na vipande vya plastiki. Linyunyizieni maji kabla ya kulishika, na mjifunge kitambaa puani, maana vumbi la makaa likiingia kifuani halitoki upesi. Kishikizo kinaweza kuwa udongo mwekundu ule unaonata, au uji mwepesi wa unga wa muhogo, au karatasi kuukuu. Karatasi hurarurwa, huroweshwa siku mbili au tatu, kisha hutwangwa kwenye kinu mpaka ikawa kama ugali uliozidi maji. Mimi hupendelea karatasi kwa sababu haiachi jivu jingi, lakini udongo ni wa bure na haugombaniwi na panya. Tahadhari tu usizidi. Mtu akiona udongo unashika vizuri huongeza, akaongeza tena, mwisho amefinyanga tofali. Udongo hauwaki.

Kipimo hakihitaji mizani. Chukua konzi moja, ibane kwa nguvu mpaka maji yapite katikati ya vidole, kisha fungua kiganja. Tonge likisimama, lishike kwa vidole viwili na kulitikisa kidogo. Likikatika, ongeza kishikizo. Likistahimili, mko tayari. Wiki ya kwanza fanyeni hivyo hivyo kwa mikono au kwa mkebe uliotobolewa matundu, mtengeneze matonge 50, myakaushe na kuyapikia. Chama kitakachoshindwa na matonge 50 kitashindwa na matonge 5,000, na heri kujua hayo bila ya deni.

Mkiona yanawaka, hapo ndipo tunapoingia katika vyuma na mbao. Mashine ninayoipenda kuliko zote ni ya wenzo, iliyofanana na ile iliyobuniwa na Profesa Ben Bryant wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Haihitaji stima wala ufundi wa kuchomelea. Nguzo mbili nene za mbao husimamishwa juu ya ubao mzito wa chini, zikiachana kiasi cha upana wa mkono. Juu hutobolewa tundu linalopita nguzo zote mbili, likatiwa bolti nene au kipande cha ekseli kuukuu. Katika bolti hiyo hufungwa mti wa mita 2, au paipu ya chuma, unaopanda na kushuka kama mkono wa pampu ya kisima. Huo ndio wenzo.

Chini ya wenzo, sentimita 20 kutoka kwenye bolti, hukaa kalibu. Kalibu nzuri ni kipande cha paipu ya maji ya plastiki ya inchi 4, kiasi cha sentimita 20 kwa urefu, kilichotobolewa vitundu vingi pande zote ili maji yapate njia. Tafuteni paipu nene inayostahimili maji ya kasi, si ile nyembamba ya maji machafu. Nyembamba hupasuka, isipozungushiwa waya. Ndani yake husimama fimbo ya chuma katikati, na juu huingizwa mchi wa mbao wenye tundu la kupisha fimbo hiyo. Mnajaza uji mweusi, mnashusha wenzo, mnaushikilia mpaka maji yakome kuchuruzika, kisha mnaisukuma briketi itoke upande wa pili ikiwa na tundu katikati kama mandazi ya Kizungu. Tundu hilo si pambo. Huifanya ikauke upesi, na ikiwa jikoni huvuta hewa kama bomba la moshi.

Nguvu inatoka wapi? Wenzo wa mita 2, mchi ukiwa sentimita 20 tu kutoka kwenye bolti, huongeza nguvu mara 10. Mama mwenye uzito wa kilo 60 akiuegemea mwishoni, mchi unapokea kilo 600. Sasa mnaelewa kwa nini sitaki bolti nyembamba, wala mbao yenye fundo au ufa. Na watoto wasiugeuze pembea, kwa sababu ukiachiliwa ghafla huruka juu na kung'oa meno.

Kuna wanaotaka mashine ya jeki, na wala siwalaumu. Jeki ya chupa, ile ya kuinulia gari, ikiwa ya tani 2, hushindilia kuliko wenzo huo, na fundi wa jua kali anaweza kuunda fremu yake kwa vyuma vya pembe vya kitanda cha zamani na springi za kurudisha bamba mahali pake. Lakini jeki nyingi za chupa hazifanyi kazi zikipinduliwa kichwa chini. Mwambieni fundi aisimamishe wima juu ya bamba la mchi, kichwa chake kikisukuma boriti ya juu. Tani 2 zinazosukuma chini ni tani 2 zinazojaribu kung'oa boriti hiyo juu, na kwa hivyo viungo vya hapo vichomelewe pande zote, si doa moja huku na doa jingine kule. Fundi asichomelee paipu zilizopakwa zinki kabla ya kuikwangua zinki yenyewe. Moshi wake huleta homa na baridi ya kutetemeka usiku.

Vyuma vikuukuu navyo vina mashaka yake. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu, kwa sababu watu walikuwa wakiharibu miundo ya stima na reli, na iliporuhusu tena mwezi Mei ilikuwa ni kwa wenye leseni. Nunueni kwa aliye na leseni na mdai risiti. Kipande cha chuma kilichong'olewa kwenye nguzo ya stima kinaweza kukipeleka chama kizima kituoni, mwenyekiti akiwa mbele.

Aliye na ile mashine ya zamani ya mkono ya kusagia nyama hana haja hata ya fundi. Atoe kisu, aweke rojo la vumbi na uji wa muhogo, azungushe. Briketi hutoka kama soseji nyeusi. Ila mashine hiyo isirudi tena kwenye nyama.

Kazi ngumu, tena isiyotajwa na muuza mashine, ni kukausha. Ukitoa briketi moja kila dakika 2, kwa saa una 30, na kwa siku ya saa 5 una 150. Zitalala wapi? Huhitaji siku kadhaa za jua, na wakati wa masika hata wiki mbili. Zikianikwa moja kwa moja kwenye jua kali la siku ya kwanza hupasuka, kwa hivyo zianze kivulini penye upepo, juu ya wavu ulioinuliwa kutoka ardhini, kisha ndipo zione jua. Pimeni briketi moja kila asubuhi kwenye mizani ya duka. Siku uzito unapokoma kupungua, imekauka. Iliyo na unyevu hutoa moshi, na mteja aliyefukizwa mara moja harudi. Nimeona vikundi vyenye mashine za kung'aa ambavyo vilishindwa kwa kukosa kibanda cha kuanikia. Kama mna pesa za akiba, jengeni kibanda.

Jikoni, briketi si kama makaa mliyoyazoea. Huchelewa kushika, na ndiyo maana huwekwa juu ya makaa machache yaliyokwisha kuwaka. Usiichokoechokoe, utaivunja. Haifai kwa chai ya mtoto anayekimbilia gari la shule saa kumi na mbili na nusu. Kwa githeri, matumbo au kwato, katika jiko lile la kauri, haina mpinzani, kwani huwaka polepole kwa saa nyingi. Mume akinung'unika kwamba mikono yako imekuwa meusi kama ya makanika, muulize matumbo aliyoyasifia jana yaliivia wapi.

Lakini kule kuwaka polepole ndiko kunakonitia hofu. Briketi haina moshi mwingi, na watu hudhani pasipo moshi hapana sumu. Si kweli. Kila kaa linalowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na briketi huitoa kwa saa nyingi zaidi. Nakuru kuna baridi, Limuru na Nyandarua hali kadhalika, na jiko likiingizwa chumbani usiku ili watoto wapate joto, madirisha yakafungwa, familia huweza kukutwa asubuhi imelala usingizi usioamshwa. Mtakapouza, mwambieni kila mnunuzi jambo hili kwa mdomo. Msitegemee karatasi iliyobandikwa kwenye gunia.

Basi, kina mama wa Nakuru, mwambieni yule bwana asubiri. Tengenezeni matonge yenu 50, kisha mashine ya wenzo, kisha mtafute wanunuzi wanaohitaji moto wa muda mrefu: wenye vibanda vya githeri, na wafugaji wa vifaranga wanaotia joto usiku katika vibanda vyenye hewa ya kutosha. Wakianza kuagiza kuliko mnavyoweza kushindilia kwa mkono, hapo mnunue jeki kwa faida yenu wenyewe. Bwana akirudi, mwombeni aje na vumbi lake na udongo wake, awatengenezee briketi 20 mbele ya macho yenu, azikaushe, azipikie maharagwe mpaka yaive. Halafu mniandikie kama alikubali.