Betri ya Polima Isiaminiwe kwa Jina Tu

Maneno "lithiamu polima" yamechapwa kwenye betri za simu nyingi ambazo watumishi wa umma na walimu huzibeba mifukoni kila siku. Ni rahisi kwa anayeyasoma kuamini kwamba polima ni plastiki, plastiki ni kitu kigumu, na kitu kigumu hakivuji wala hakishiki moto. Imani hiyo ni ya hatari. Kwa hakika, betri nyingi zenye jina hilo bado zimebeba kimiminika kinachowaka. Kimefyonzwa na polima mpaka kikawa mfano wa uji mzito, au kimefungwa tu katika mfuko laini mahali pa kopo la chuma.

Yafaa ieleweke kwanza moto unatoka wapi. Ndani ya betri ya lithiamu, ioni husafiri kutoka upande mmoja hadi wa pili kwa kupitia elektroliti, ambayo kwa kawaida ni chumvi ya lithiamu iliyoyeyushwa katika kimiminika. Tangu betri za lithiamu-ioni zilipoanza kuuzwa nchini Japani mwaka 1991, vimiminika vilivyotumika zaidi ni vile vinavyoshika moto upesi. Betri ikipondwa, ikichajiwa kupita kiasi, au ikipata shoti ndani kwa ndani, joto hupanda, kimiminika hugeuka mvuke, na mvuke huo huwaka.

Elektroliti ya polima halisi ni jambo jingine, nayo inastahili heshima yake. Mwaka 1973 Peter Wright na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuchanganya chumvi na polima iitwayo oksidi ya poliethilini. Mwaka 1978 Michel Armand, mwanasayansi wa Ufaransa, akapendekeza mchanganyiko wa aina hiyo utumike katika betri. Humo hamna cha kumwagika. Minyororo mirefu ya polima huishika ioni, na kwa kujinyonganyonga kwake huipitisha kutoka kituo hadi kituo, kama watu waliojipanga mstari wakipokezana ndoo za maji.

Ugumu uko hapo hapo. Minyororo hiyo hucheza vizuri ikiwa na joto tu. Chini ya nyuzi 60 hivi za Selsiasi sehemu kubwa yake huganda kuwa fuwele, na ioni hukwama. Katika joto la kawaida la chumbani polima hiyo hupitisha ioni kwa kiwango kilicho chini ya kile cha kimiminika kwa maelfu ya mara. Hata jua la adhuhuri la Dar es Salaam halitoshi kuiamsha. Hapana budi betri ipashwe joto muda wote wa kazi.

Wakazi wa Paris wameishi na betri hizo. Kuanzia Desemba 2011 hadi Julai 2018 jiji hilo lilikuwa na magari ya umeme ya kukodi yaliyoitwa Autolib, ambayo betri zake zilitengenezwa na kampuni ya Bolloré kwa polima ya namna hiyo. Huduma ile ilikufa kwa ugomvi wa madeni. Lakini mwezi Aprili 2022 mabasi mawili ya umeme ya kampuni hiyo hiyo yaliteketea mjini humo. Hakuna aliyeumia, na shirika la usafiri likayaondoa barabarani kwa muda mabasi 149.

Wapo watakaosema polima imeshindwa. Huo ni uamuzi wa haraka. Betri za mabasi hayo hutumia metali ya lithiamu badala ya grafiti, na metali hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 180 hivi na huwaka kwa ukali. Polima yenyewe nayo huungua ikipata joto la kutosha. Kuondoa kimiminika kumepunguza hatari moja kubwa, na nyingine zimebaki ndani ya boksi lile lile. Ndiyo maana watafiti wanaendelea kuchanganya polima na unga wa kauri, au kuifunga minyororo isigande, ili ioni zipite bila kupashwa moto. Kazi hiyo haisaidiwi hata kidogo na watangazaji wanaouita uji jiwe.

Mwalimu wa kemia anaweza kuieleza tofauti hiyo kwa kipindi kimoja. Mtumishi anayeandika masharti ya kununua mabasi, au betri za kuhifadhia umeme wa jua, ana wajibu mzito zaidi. Aulize kama ndani mna kimiminika. Aulize betri inataka joto gani ili ifanye kazi, na nini kilitokea ilipopondwa na ilipotobolewa. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kusafirisha mizigo ya hatari zinadai kila aina ya betri ya lithiamu ijaribiwe kwa mtikisiko, joto na shoti, na tangu mwaka 2020 muhtasari wa majaribio hayo unapaswa kupatikana kutoka kwa mtengenezaji na msambazaji. Karatasi hiyo iombwe kabla ya mkataba kutiwa saini, na muuzaji asiyeweza kuitoa asipewe zabuni.