Ukinunua tairi kubwa, nunua tano

Leo naongea na wenye Noah za zamani mnaobebea mzigo.

Mimi niko Sumbawanga mjini, nauza nafaka. Noah yangu ilikuwa na tairi 195/70R14, ikawa inakwangua chini nikishuka Muze kufuata mchele. Nikafunga 195R14, zile za mzigo, rimu zilezile. Nikanunua nne tu. Spea nikaacha ile ndogo ya zamani, nikajiona mjanja.

Siku moja narudi na gunia tano, tairi ya nyuma ikapasuka mlimani. Nikafunga spea, gari likalala upande, mbele kidogo likakalia jiwe. Nikalala hapohapo. Asubuhi mteja wangu wa hoteli kashanunua kwingine, mpaka leo hajarudi.

Hesabu ni rahisi: tairi mpya imezidi ya zamani karibu sentimita 4 kwa kimo, kwahiyo gari linainuka kama 2. Spea ndogo inakurudisha kulekule, tena upande mmoja, na difu inaumia.

Wengine mtasema tairi kubwa zinachosha gari. Kweli, mlimani linakuwa zito, breki zinafanya kazi zaidi, mshale ukisoma 60 unatembea karibu 64. Hakikisha pia tairi haigusi bodi ukikata kona, na spea inaingia mahali pake.

Ila kama hela ya tairi ya tano huna, usibadili hata moja. Subiri ujipange. Spea nayo ni mtaji.