Damu ya Pwani na Damu ya Bara

Katika kijiji cha Shimoni, kinachokabili kisiwa cha Wasini, hukaa pamoja Wavumba, Wadigo, Wasegeju na wavuvi waliovuka bahari kutoka Pemba. Posa ikiletwa, wazee huulizana kwanza habari za ukoo: huyu ni damu ya nani? Swali hilo ni la haki, lakini liko jibu ambalo nasaba hailijui. Damu yenyewe ina tofauti zisizofuata kabila wala ukoo, hufuata mbu.

Aliyefumbua jambo hili ni Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika ya Kusini mwaka 1925 akalelewa Gilgil, katika Bonde la Ufa. Mwaka 1949, alipokuwa akisomea udaktari Oxford, alirudi Kenya pamoja na msafara wa chuo hicho, akapima damu za makabila mengi. Alitafuta chembe nyekundu ambazo, zikipungukiwa na hewa, huacha umbo lake la duara na kupinda mfano wa mundu. Pwani na kando ya Ziwa Victoria aliona mahali ambapo watu zaidi ya 20 katika kila 100 walikuwa nazo. Katika nyanda za juu hakupata hata mmoja katika 100. Wakikuyu ni Wabantu kama watu wa Pwani, lakini kwao alama hiyo ilikuwa nadra mno; Waluo si Wabantu, nao walikuwa nayo kwa wingi. Basi haikuwa alama ya kabila.

Wekundu wa damu hutokana na protini iitwayo himoglobini, ichukuayo hewa kutoka mapafuni na kuieneza mwilini. Mwaka huo huo wa 1949, Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa wa seli mundu, ikipitishiwa umeme, haiendi sawa na ya watu wengine. Baadaye Vernon Ingram, huko Cambridge, aliona sababu yake. Utepe mmoja wa himoglobini ni kama ushanga wa punje 146, na katika ushanga huo ni punje ya sita peke yake iliyobadilika. Ni ajabu kwamba kosa dogo namna hiyo laweza kumlaza mtoto kitandani akilia kwa maumivu ya mifupa.

Kwa nini basi kosa hilo halikutoweka, hali wagonjwa wengi walikufa wangali wadogo? Allison alifikiri kwamba liko faida. Alipima watoto 290 wa Buganda, akaona kwamba wenye alama walikuwa na vijidudu vya malaria kwa uchache kuliko wenzao. Kisha Waluo 30 walikubali kuambukizwa malaria kwa makusudi, jaribio ambalo leo lisingefanywa ila kwa masharti makali. Kati ya 15 wasio na alama, 14 walipata vijidudu. Kati ya 15 wenye alama, 2 tu. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1954. Uchunguzi uliofanywa baadaye Kilifi ulithibitisha kwamba aliyerithi alama kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria kali kwa kadiri ya asilimia 90. Hukingwa, yaani, na degedege ile ya homa ambayo wazee wa Pwani waliisingizia ndege aitwaye nyuni.

Aliyerithi kwa mzazi mmoja huwa mzima, huvua na kulima kama wengine. Shida huja anapooana na mwenziwe aliye kama yeye. Katika kila mimba, nafasi ya kumzaa mgonjwa ni moja katika nne. Wengi hukosea hesabu hii, wakidhani kwamba mtoto wa kwanza akiugua, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo, kura hupigwa upya kila mara. Wala haifai mama kulaumiwa, au kupelekwa kwa mganga kutolewa pepo, maana mgonjwa hawi mgonjwa pasipo kurithi kwa baba na kwa mama pia.

Huko Kilifi kiligunduliwa kioja kingine. Wengi wa watu wa huko, zaidi ya nusu, wana tofauti nyingine ya himoglobini iitwayo alfa-thalasemia, nayo pia huwakinga na malaria kali. Mtu angetazamia kwamba mwenye zote mbili amevaa ngao mbili. Mwaka 2005 ilionekana kwamba zikikutana katika mwili mmoja huvunjana nguvu, na kinga hupotea karibu yote.

Hali ya wachumba hujulikana kwa kupima damu. Mtoto akigunduliwa mapema, hupewa penisilini, chanjo na dawa ya kumkinga na malaria, kwa kuwa mwenye kurithi kwa wazazi wote wawili hudhuriwa na malaria kuliko wengine. Iko pia dawa ya haidroksiyurea, ipunguzayo maumivu. Dalili ya kwanza mara nyingi ni kuvimba kwa vidole vya mikono na miguu, mtoto angali hajatimiza mwaka, na wazazi hudhani ameumwa na mdudu.