Kinga ya malaria imfuate mtoto, si ramani

WAZAZI wengi katika mitaa ya Umoja, Kayole na Dandora, Nairobi, huyaona malaria kuwa maradhi ya mashambani. Imani hiyo ina msingi. Nairobi iko nyanda za juu, na baridi yake huchelewesha ukuaji wa vimelea ndani ya mbu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2020 ulibaini vimelea kwa asilimia 19 ya watoto waliopimwa eneo la Ziwa Victoria, ilhali jijini ni nadra.

Hata hivyo, shule zinapofungwa, familia nyingi za Eastlands hupanda mabasi kuelekea Siaya, Busia na Homa Bay. Safari hiyo ni hatari hasa kwa mtoto wa chini ya miaka mitano aliyetoka hospitalini karibuni baada ya kutibiwa upungufu mkubwa wa damu.

Mtoto huyo huonekana amepona, kumbe uboho wa mifupa yake huhitaji wiki kadhaa kuunda upya chembe nyekundu za damu. Akiambukizwa kabla ya hapo, huenda akarejeshwa wodini au akafariki.

Utafiti uliochapishwa Desemba 2020 ulifuatilia watoto 1,049 waliotibiwa katika hospitali tisa za Kenya na Uganda. Nusu yao walipewa dawa ya dihaidroatemisinini-piperakwini kwa siku tatu, katika wiki ya 2, ya 6 na ya 10 baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Wengine walipewa dawa bandia. Hadi wiki ya 26, visa vya kifo au kurejeshwa hospitalini vilikuwa 184 kwa kundi la kwanza na 316 kwa la pili. Kinga hiyo ilikoma muda mfupi baada ya dawa kwisha.

Juni 2022, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kinga hii kwa maeneo yenye maambukizi ya wastani au ya juu. Kwa kipimo hicho, Nairobi imo nje. Uamuzi huo una mantiki, kwani kugawa dawa pasipo malaria ni kupoteza fedha na kuhatarisha nguvu ya dawa yenyewe.

Lakini ramani haisafiri, mtoto husafiri. Anayetibiwa Eastlands leo huenda akalala Siaya mwezi ujao. Anayetibiwa Siaya naye huenda akarudi Kayole, kisha akapelekwa tena mashambani kabla ya wiki ya 10.

Kwa hivyo, kabla ya kumruhusu mtoto, daktari hana budi kuuliza atalala wapi miezi mitatu ijayo. Utafiti wa Malawi ulionyesha kuwa wazazi waliokabidhiwa dozi zote siku ya kuondoka hospitalini walizitumia vyema kuliko walioagizwa kuzirudia kila mwezi. Dozi hizo zaweza kusafiri pamoja na mtoto.

Mzazi naye amweleze daktari mipango ya safari, abebe neti, na mtoto akipata homa ampeleke kupimwa siku hiyo hiyo.