Sefti ya Bastola Haimjui Mtoto

Mama mmoja wa kijiji cha Mashimoni, Kibera, ameuliza swali ambalo naona heri nilijibu hapa, kwa maana si lake peke yake. Shemeji yake ni askari wa kuvaa nguo za raia. Siku anazopita kuwasalimu watoto wa ndugu yake huwa na bastola kiunoni, na wakati wa chakula huivua na kuiweka juu ya kabati, kando ya redio. Mama akionyesha wasiwasi, shemeji humwambia, "Usiogope, shemeji, ina sefti." Sasa mama anauliza: hiyo sefti ni kitu gani, na je, inatosha?

Jibu fupi, msomaji mpenzi, ni kwamba sefti ni kitu cha kweli na imeokoa watu wengi, lakini haitoshi. Jibu refu linahitaji tufungue kidogo bastola yenyewe, tuone inavyofanya kazi.

Bunduki si kitu kigeni Kibera. Mtaa huo ulianzishwa na askari. Wanubi waliotumikia jeshi la King's African Rifles ndio waliopewa makao pale mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikatenga rasmi ekari 4,197 kwa ajili yao. Siku hizi, hasa tangu serikali ilipotangaza mwaka 2018 kwamba polisi wapewe marupurupu ya nyumba na kuishi miongoni mwa raia, si ajabu mlango wa pili kuwa wa afisa. Hilo si jambo baya. Lakini linamaanisha kwamba habari za bastola si za kambini tu, ni za nyumbani pia.

MTEGO WA PANYA

Bastola hufanya kazi kama mtego wa panya. Ndani yake mna springi yenye nguvu. Springi ikikazwa, hushikiliwa na kijino kidogo cha chuma. Ukivuta kifyatulio kwa kidole, kijino huachilia, nyundo hushuka na kuipiga pini, nayo pini hugonga kitako cha risasi penye baruti ya kuwashia. Baruti huwaka, na risasi hutoka kwenye mtutu kwa kasi inayoweza kuzidi mita 300 kwa sekunde.

Kila mtu aliyewahi kutega panya anajua taabu ya mtego. Waweza kufyatuka ukiguswa na panya, na waweza kufyatuka ukiguswa na ufagio. Mtego haujui aliyeugusa. Ndivyo ilivyo bastola. Ikianguka sakafuni, ikigongwa, au kijino kikiwa kimelika kwa uzee, pini yaweza kugonga risasi bila mtu kukusudia. Vizuizi vyote vinavyoitwa sefti vilibuniwa ili kuzuia jambo hilo, kimoja baada ya kingine.

AJALI NA KINGA YAKE

Watu husema ajali haina kinga. Mafundi wa silaha hawakukubali msemo huo, na yafaa tuone walivyofanya.

Rivolva za zamani, kama ile Colt ya mwaka 1873, zilikuwa na matundu sita ya risasi. Hata hivyo wenye busara waliweka risasi tano tu. Nyundo ililala juu ya tundu tupu, kwa sababu kama ingelala juu ya risasi, pigo moja tu la bahati mbaya lingetosha kuifyatua.

Mwaka 1887 kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilitoa rivolva yenye kizuizi nyuma ya mpini. Usipoukamata mpini kwa kiganja kizima na kuubana, kifyatulio hakivutiki. Kampuni ilijigamba kwamba mtoto wa kawaida wa chini ya miaka 8 asingeweza kuifyatua. Basi hata zaidi ya miaka 130 iliyopita, mafundi walijua kwamba adui mkubwa wa bastola ya nyumbani ni mkono mdogo.

Mwaka 1911 jeshi la Marekani lilichukua bastola iliyobuniwa na John Browning. Hiyo ilikuwa na vizuizi viwili: kimoja cha mpini, na kingine cha kubonyezwa kwa kidole gumba. Hicho cha pili ndicho watu wengi wanachofikiria wakisikia neno sefti: kijiti kidogo ubavuni, ukikipandisha inafunga, ukikishusha inafungua.

Kisha mwaka 1944, vita vikiwa vimepamba moto, rivolva ya baharia mmoja wa Marekani ilianguka juu ya sitaha ya chuma ya meli, ikafyatuka na kumwua mtu. Jeshi la majini likadai dawa ya jambo hilo. Watengenezaji wakabuni upesi kipande cha chuma kinachoingia kati ya nyundo na risasi, kisichoondoka mpaka kifyatulio kivutwe mpaka mwisho. Kifo kimoja kilibadilisha silaha zilizokuwa zikitengenezwa kwa maelfu.

Mwaka 1982 jeshi la Austria lilichagua Glock, bastola isiyo na kijiti chochote ubavuni. Vizuizi vyake vitatu vimo ndani, na hujifungua vyenyewe kidole kinapovuta kifyatulio. Nazo zile Ceska ambazo majina yao tumeyasikia sana katika habari za mahakama zetu, za mwanzo hazikuwa na kizuizi cha pini. Kiliongezwa katika toleo la miaka ya 1990 lenye herufi B. Kwa hiyo mtu akikuambia bastola yake ina sefti, bado hajakuambia ni sefti gani.

Wala usidhani kazi hiyo imekwisha. Mnamo Agosti 2017 kampuni ya SIG Sauer ilijitolea kurekebisha bila malipo bastola zake za aina ya P320, baada ya majaribio kuonyesha kwamba zikianguka kwa pembe fulani zaweza kufyatuka. Hiyo ilikuwa silaha mpya, ya mafundi stadi, katika karne ya 21.

KIDOLE CHA NANI?

Ukiitazama historia hiyo utaona jambo moja. Karibu kila kizuizi kilitengenezwa kujibu ajali ya aina moja. Cha pini hujibu kuanguka. Cha mpini hujibu bastola iliyonaswa na kitu bila kushikwa. Cha kidole gumba hujibu mwenyewe anayeibeba. Vyote, isipokuwa ile rivolva ya mwaka 1887, vinafikiri juu ya mtu mzima aliyefunzwa. Na vile vya kisasa zaidi vina sharti moja: kifyatulio kikivutwa, vyote vinafunguka. Haviulizi kidole ni cha nani.

Mtoto mdogo haishiki bastola kama askari. Huigeuza, mtutu ukamwelekea kifuani au usoni, kisha huisukuma kifyatulio kwa vidole gumba vyote viwili. Kilo mbili na nusu za nguvu, ambazo ndizo nyingi ya bastola za leo huhitaji, kwa vidole viwili si kitu. Kile kijiti cha ubavuni nacho hukishusha akichezea, kama anavyochezea kitufe cha redio.

Kuna na mtego mwingine unaowashika hata watu wazima. Mtu huchomoa magazini, akaiona mkononi, akasema bastola ni tupu. Si kweli. Risasi moja yaweza kuwa imebaki ndani ya chemba, mbele ya pini. Browning ya mwaka 1935 ilitengenezwa isifyatuke magazini ikiwa nje, lakini nyingi zilizo mitaani leo hazina kinga hiyo. Glock, kwa mfano, haifunguliwi kusafishwa mpaka kifyatulio kivutwe kwanza. Asiyechungulia chemba kabla ya hapo ameshaua.

Kama hizo ni habari za silaha zilizotoka kiwandani, vipi zile za kujitengenezea ambazo polisi huzinasa mara kwa mara hapa Nairobi? Hizo hazina kizuizi hata kimoja. Kijana anayeificha kiunoni amebeba mtego uliotegwa tayari, unaoweza kufyatuka akijikwaa kwenye mtaro, au kumpasukia mkononi. Mzazi akiona kitu kama hicho chini ya godoro la mwanawe asihesabu usiku mmoja zaidi.

KUTA ZETU

Sasa turudi Mashimoni, kwa sababu mahali nako kuna maana. Mwalimu wa silaha humwambia mwanafunzi: kila mara elekeza mtutu mahali salama. Katika chumba cha futi 10 kwa 10, salama ni wapi? Kushoto ni kitanda cha jirani, kulia ni jiko la mwingine, nyuma ni kichochoro wanamopita watoto wakienda kuchota maji. Bati halizuii risasi ya bastola. Yaweza kupenya vyumba viwili au vitatu, na ukuta wa fito na udongo si wa kutegemea. Kawangware ni vivyo hivyo. Mwenye nyumba ya mawe kule Karen akikosea, huenda akatoboa ukuta wake. Akikosea mtu wa Mashimoni, hulia jirani yake.

Kwa hiyo kinga ya kweli hapa haimo ndani ya bastola. Imo katika mazoea ya mwenyewe.

Kwanza, bastola ina mahali pawili tu: mwilini mwa mwenyewe ndani ya mkoba wake, au ndani ya sanduku la chuma lililofungwa, ufunguo ukiwa kwake peke yake. Juu ya kabati si mahali. Chini ya mto si mahali. Mtoto aliyewahi kupanda kiti kutafuta sukari amekwisha kufika juu ya kabati.

Pili, kupakua risasi na kusafisha silaha kusifanywe chumbani. Kazi hiyo ina mahali pake kituoni.

Tatu, watoto wafundishwe mambo matatu tu, wayaimbe hata usingizini: usiguse, ondoka, mwambie mtu mzima. Hata kama kinaonekana ni kitu cha kuchezea. Ikiwa wameona silaha imetupwa mtaroni au kando ya mto, mtu mzima naye asiiokote. Awaondoe watoto, kisha apige simu 999 au 112, au amwite mzee wa kijiji ili taarifa imfikie chifu.

Nne, tukumbuke kwamba katika Kenya bastola ni ruhusa. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mwenye silaha aitunze, na Bodi ya Leseni yaweza kumnyima raia leseni. Mnamo Desemba 2018 wote wenye leseni waliamriwa wajitokeze wachunguzwe upya. Hakuna aliye na haki ya kuwaambia wengine wanyamaze.

Najua, mama, si rahisi kumkanya shemeji mbele ya mumeo, tena akiwa mgeni na sahani iko mbele yake. Usimkanye mbele za watu. Mwambie mumeo kwanza, naye azungumze na ndugu yake, wawili, nje. Maneno yawe machache: "Tunafurahi ukija. Chuma chako kibaki kiunoni, au ukiache kituoni kabla hujaja. Kabati letu ni la watoto." Askari aliyefunzwa vizuri hatachukia, maana atakuwa amekumbushwa jambo alilofundishwa siku ya kwanza chuoni. Na akichukia, achukie. Hasira ya shemeji huisha kwa kikombe cha chai. Afadhali lawama ya leo kuliko matanga ya kesho.

Tuonane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.