Mdondo Hauponi kwa OTC

Kuku anasinzia, mabawa yamelegea, anaharisha kijani, shingo imeanza kupinda. Mfugaji anakimbilia duka la dawa za mifugo. Hajamaliza kueleza, muuzaji ameshanyoosha mkono kwenye rafu: pakiti ya OTC, yaani antibiotiki ya oxytetracycline. "Changanya na maji, wape siku tatu." Haulizi kuku walichanjwa lini, wana umri gani, wala wangapi wameshakufa. Maji yanageuka njano kwenye chombo, pesa imeshalipwa, na asubuhi mizoga inaokotwa kama jana.

Huo ni wizi. Mdondo, au kideri, unaletwa na virusi. Antibiotiki huua bakteria, virusi haivigusi. Kinachozuia mdondo ni chanjo, na chanjo ipo: ile ya I-2 inayostahimili joto, tone moja jichoni, kurudia kila baada ya miezi mitatu. Muuzaji anaijua. Mbona haitaji?

Hasara haiishii bandani. Dawa hiyo huwakuta bakteria waliomo tumboni mwa kuku, ikaua walio dhaifu na kuwaacha sugu wazaane wanavyotaka. Hao hutoka na kinyesi tunachomwagia mchicha, tena humpata anayechinja na kunyonyoa. Kinachonitisha zaidi ni enrofloxacin, nayo imo kwenye rafu hizo hizo. Ikiingia mwilini mwa mnyama, sehemu yake hugeuka kuwa ciprofloxacin, dawa ile ile tunayoandikiwa hospitalini. Marekani iliipiga marufuku kwa kuku mwaka 2005, kwa sababu bakteria wa Campylobacter wanaowaambukiza binadamu walikuwa wanazidi kuwa sugu. Sisi tunaipima kwa kijiko na kuimimina kwenye ndoo, bila kujua kuku ana nini.

Na mayai? Trei zinakwenda sokoni siku hiyo hiyo ya dawa. Lebo imeeleza muda wa kusubiri kabla ya kula nyama au mayai, ila nani kaambiwa aisome? Anayeyala ni mtoto wako na wangu.

Sisemi mifugo isitibiwe. Kipindupindu cha kuku ni cha bakteria. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele anaumia kwelikweli, na kumnyima dawa ni ukatili. Lakini aonwe kwanza na mtaalamu, apewe dawa inayomfaa, kwa kipimo kamili na siku kamili, na maziwa yake yasiuzwe mpaka muda wa kusubiri uishe.

Kwa hiyo nadai hivi: antibiotiki ya mifugo isitoke dukani bila cheti cha daktari wa mifugo, na anayeuza kwa kubahatisha afungiwe duka. Halmashauri ziwape maafisa mifugo usafiri wa kuwafikia wafugaji, maana mfugaji asiyemwona mtaalamu mwaka mzima atamsikiliza muuzaji tu.

Nawe mfugaji, ukipewa OTC kwa kuku wa mdondo, ikatae. Pesa hiyo iweke, ukalichanje kundi lijalo kabla ugonjwa haujaingia.