Kuuliza Sheria Si Ugomvi

Ndugu wanachama, juma hili twataka kusema jambo ambalo wengi wetu hapa Morogoro tunalijua lakini tunalinyamazia. Watu wetu wanajenga. Pita Kihonda au Bigwa, utaona matofali ya kuchoma yamepangwa kila upande. Panda milimani, Matombo, Kinole na Mgeta, utaona mabati yanang'aa mahali palipokuwa na nyasi. Hayo ni maendeleo na tunayafurahia. Lakini nyuma ya nyumba nyingi kuna ugomvi. Huyu analia kuwa fundi amekula fedha akatoroka kabla ya kufika kwenye lenta. Yule fundi naye analia kuwa mwenye nyumba amekwisha hamia ndani, na ujira wake haujalipwa.

Tusiwaseme wengine kabla ya kujisema sisi. Tawi moja la Chama, ambalo mwandishi wa maneno haya alikuwa miongoni mwa viongozi wake, lilijenga ofisi kwa michango. Wanachama walitoa fedha, akina mama walibeba mchanga na maji. Tulipatana na fundi kwa mdomo, tukamkabidhi zaidi ya nusu ya fedha siku ya kwanza, maana ni mwenzetu. Kuta zilipofika madirishani akataka nyongeza. Sisi tukasema bei ilikuwa ya jengo zima. Yeye akasema ilikuwa ya msingi na kuta tu. Nani alikuwa mkweli? Hata leo hatuwezi kuthibitisha. Tukakimbilia polisi. Polisi wakatuambia, na walisema kweli, kwamba mtu kutotimiza mapatano si lazima awe mwizi; hilo ni dai, lina mahali pake. Tukarudi kimya. Kuta zikanyeshewa misimu miwili. Akina mama waliobeba mchanga walipotuuliza, hatukuwa na jibu.

Kosa letu halikuwa kumwamini fundi. Kosa letu lilikuwa kudhani kuwa sheria huulizwa baada ya watu kugombana, na kwamba kumwandikia mwenzako karatasi ni kumtukana. La hasha! Karatasi humlinda fundi kama inavyomlinda mwenye nyumba.

Si ajabu wazee wa Uluguru kuiogopa sheria. Wao waliijua kama amri. Mwaka 1955 Serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi milimani, na walipokataa kule Matombo walitumiwa polisi. Lakini historia yetu ina upande wa pili. Wameru walipoondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki mwaka 1951 walitafuta wakili, Earle Seaton, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akalifikisha shauri lao Umoja wa Mataifa. Na mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliposhtakiwa kwa maneno yaliyochapwa katika Sauti ya TANU, alitetewa na D. N. Pritt, wakili kutoka Uingereza. Ikiwa viongozi waliopigania Uhuru hawakuona aibu kutafuta msaada wa sheria, sisi tunaona aibu gani kwa sababu ya lenta na mabati?

Tena leo njia ni nyepesi kuliko zamani. Tangu mwaka 1997 sheria inamtaka mkandarasi awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Kwa hiyo uliza cheti chake kabla ya kutoa fedha, maana Bodi inaweza kumchukulia hatua mkandarasi iliyemsajili. Kwa fundi wa mtaani, Sheria ya Mikataba inakubali hata mapatano ya mdomo. Shida yake ni ushahidi. Andikeni kazi yenyewe, bei, nani ananunua saruji, na malipo kwa hatua: msingi, kuta, kupaua. Wawepo mashahidi wa pande zote mbili. Deni la mkataba lisilozidi shilingi milioni 30 laweza kudaiwa katika Mahakama ya Mwanzo. Lakini usilale: dai la mkataba lina ukomo wa miaka sita.

Ugomvi ukiwa juu ya kiwanja chenyewe, njia ni nyingine. Jambo hili latugusa sana sisi watu wa milimani, ambako ardhi hufuata ukoo wa mama. Mwanamume hujenga nyumba ya tofali katika ardhi ya ukoo wa mkewe. Mke akifariki au ndoa ikivunjika, ndipo swali linapoulizwa: nyumba ni ya nani? Lingepaswa kuulizwa siku ya kuchimba msingi, mbele ya wazee wa ukoo na Serikali ya Kijiji. Likishindikana, liko Baraza la Ardhi la Kijiji na Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata halihukumu tena migogoro ya ardhi, bali hupatanisha. Likishindwa ndani ya siku 30, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Na asiye na fedha za wakili? Kwa ajili yake ilitungwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao hawaruhusiwi kumtoza maskini malipo. Hawawezi kusimama mahakamani badala yako, lakini watakueleza haki yako, watakusaidia kuandika, na watakuonyesha mlango wa kubisha. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu. Hakuna tena kisingizio kwamba sheria inasema lugha ya wageni.

Basi twaagiza matawi mambo matatu. Kila tawi lijue jina la msaidizi wa kisheria aliye karibu nalo, na limwalike mkutanoni. Kila katibu asaidie mwanachama asiyejua kuandika kuweka mapatano yake katika karatasi, na amsomee kabla hajatia dole gumba. Tena kiongozi asimtetee mwanachama mwenzake anayemdhulumu fundi. Fundi ni mfanyakazi, na Chama hiki ni cha wafanyakazi na wakulima.

Lile tawi letu limeanza kujenga tena. Safari hii mkataba umo katika sanduku la katibu, una sahihi za pande zote mbili, na akina mama wamesomewa kila mstari.

Uhuru na Kazi!